Dagaa wa Mama Nguruwe

Mume wangu alirudi kutoka shimoni, akakaa kwenye kigoda bila kunawa, akaniambia, "Tumepewa nguruwe." Nilicheka, nikadhani jiwe limempiga kichwani. Kwetu hatukufuga nguruwe. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, baba yake alikuwa na ng'ombe, na hata neno lenyewe, ngulube, tulilitumia kumtukania mtoto asiyenawa mikono.

"Nguruwe wa nani?"

"Wa jikoni kwa Wazungu. Wakiishi, natolewa shimoni."

Hapo nikaacha kucheka.

Tuliishi kwenye kambi ya mgodi mdogo wa dhahabu, njiani kati ya Kahama na Geita, miaka ya hamsini ilipokuwa inaanza. Mgodi wenyewe ulikwisha kufungwa zamani, na nasikia shimo lake limeota vichaka. Mume wangu alikuwa akishika mashine ya kutoboa mwamba. Alikuwa akitoka kule chini nyusi nyeupe, kope nyeupe, hata tundu za pua nyeupe, na akianza kukohoa anakohoa mpaka anashika ukuta. Tabibu wa zahanati ya mgodi alimpa vidonge akamwambia ni mafua. Lakini mimi nilikuwa nimewaona watoboaji waliomtangulia. Nao walianza na mafua hivyo hivyo, kisha wakakonda, kisha ndugu zao wakaja kuwachukua, na hakuna hata mmoja aliyerudi kutuambia kwamba amepona. Nilikuwa nimetoka kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa nikimsikia baba yake anakohoa nyuma ya nyumba, naogopa, na mimi nikiogopa hukasirika. Ndivyo nilivyo mpaka leo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mzungu aliyesimamia chakula cha wenzake, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana wa Jikoni, alikuwa na banda la nguruwe nyuma ya jiko lao. Jike wa kuzaa alikuwa mmoja. Alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili, na mara zote mbili watoto walikufa kabla ya kuachishwa kunyonya. Mtunzaji wa kwanza alifukuzwa, wa pili akaondoka mwenyewe. Sasa jike alikuwa na mimba tena, na Bwana akaja asubuhi kwenye mstari wa wafanyakazi akauliza ni nani anayejua mifugo. Mume wangu aliinua mkono kabla hajaambiwa ni mifugo gani.

Bwana alisema naye mbele ya karani, na karani akatafsiri. Mume wangu awatunze nguruwe baada ya zamu yake. Watoto wakiishi, kazi ya nguruwe itakuwa na mtu wake wa kudumu, juu ya ardhi, penye hewa. Wakifa tena, Bwana atauza nguruwe wote na wenzake watakula nyama ya kopo. Akaongeza sharti moja: chakula chao ni pumba na makombo ya jikoni tu, samaki hapana. Alikuwa amewahi kula nguruwe aliyelishwa samaki na nyama ilimnukia.

Kwa kuwa mume wangu mchana alikuwa chini ya ardhi, kazi ya mchana ikawa yangu, mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Huyo jike nilimchukia siku ya kwanza. Alikuwa mkubwa, mweupe mwenye madoa, na macho madogo yaliyoniangalia kama vile mimi ndiye niliyekuja kumwomba chakula. Nilipoingia bandani alinisukuma kwa pua mpaka nikakaa kwenye matope. Nilimtukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Kisha nikakumbuka kwamba uhai wa mume wangu uko tumboni mwake, nikainuka, nikammwagia pumba zake.

Mama mkwe alifika kutoka Ushetu wiki ile ile, mzigo wa karanga kichwani. Alikuja kunitunza, maana mzazi wa kwanza haachwi peke yake, na karanga zilikuwa za kunipa maziwa. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wana wane. Mbona unanuka?"

Nikamweleza. Alitua mzigo taratibu. "Mwanangu amekuwa anakula nguruwe?"

"Hali, mayu. Anawafuga. Wakiishi, anatoka shimoni."

Alitaka kusema neno, na nilijua si neno zuri, lakini wakati huo huo mwanawe akaanza kukohoa kule nyuma. Tulisimama sote wawili tukingoja amalize. Hakumaliza haraka. Mama mkwe alikuwa hajawahi kukisikia kikohozi kile, kwa sababu mwanawe aliondoka kwao akiwa mzima. Alipotulia, mama mkwe alivua kanga ya juu akaifunga kiunoni. "Haya," akasema. "Nionyeshe huyo mnyama."

Jike alizaa asubuhi moja ya mvua, watoto wengi, wekundu, wenye kelele. Tulifurahi sana. Mume wangu alipotoka shimoni alikwenda bandani hata kabla ya kuja nyumbani, na hapo hapo tukafanya kosa ambalo mtu aliyekulia kwa nguruwe hawezi kulifanya, ila sisi tulikulia kwa ng'ombe. Kwetu ndama hashindi na mama yake. Mama huenda malishoni, ndama hubaki nyumbani, na jioni wanakutanishwa maziwa yakiwa yamejaa. Ukimwacha ndama anyonye kutwa nzima atamkausha mama. Hilo hakuna aliyetufundisha, tulilijua kama tunavyojua kutembea. Basi mume wangu alikata miti akaweka kizuizi katikati ya banda, watoto huku, mama kule, ili maziwa yapate nafasi ya kujaa. Mama mkwe alimshikia miti. Mimi nilileta kamba.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mtoto mmoja amekufa, na wengine wamelaliana kwenye kona wanatetemeka. Jike alikuwa akiupiga ule uzio kwa kichwa, matiti yamevimba, magumu, ya moto. Tukawapa watoto wanyonye, wakahangaika, wakapata kidogo, tukawatenga tena. Jioni akafa wa pili. Mume wangu aliwabeba wote wawili kwa mkono mmoja kwenda kuwazika, na sikuweza kumtazama. Nilimwona kama mtu anayebeba miezi ya uhai wake mwenyewe.

Siku ya pili mama mkwe alikwenda peke yake akang'oa miti yote. Kisha akakaa juu ya gogo akamwangalia yule jike tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Mimi nilimpelekea uji hapo hapo. Alinionyesha alichokiona. Jike alikuwa akilala ubavu na kuanza kuguna polepole, watoto wakakimbilia kila mmoja chuchu yake, wakasukumasukuma kwa pua. Mguno ukaenda kasi, watoto wakatulia wote kwa pamoja wakimeza, na kabla hujasema lolote wameachia. Yamekwisha. Baada ya muda akawaita tena.

"Huyu hana maziwa ya kungoja," mama mkwe akasema. "Anayatoa kidogo kidogo kutwa nzima. Sisi tulikuwa tunamfungia mlango."

Tangu hapo hatukuwatenga tena, na hakufa mwingine kwa baridi. Lakini hawakunenepa. Nilikuwa nikiwaokota mmoja mmoja, mbavu zinahesabika, ngozi imelegea shingoni. Walikuwa wakigombania chuchu mpaka wanang'atana mashavu. Na jike mwenyewe alikuwa anakwisha. Mama mkwe alimpapasa mgongo, akanishika mkono wangu akaupitisha pale pale nipapase na mimi. Mifupa ya uti ilikuwa imetokeza.

"Unaona? Anajichuna mwenyewe ili awape. Mtakuja kumkuta amelala, na wao juu yake."

Mimi nikamjibu kwa ukali kwamba anapewa pumba ndoo nzima asubuhi na jioni. Mama mkwe akaniuliza kama nami ningeweza kumnyonyesha mtoto wangu kwa pumba. Nikachukua ndoo yangu nikaenda zangu.

Yeye alikuwa na kipimo chake cha maziwa, alichokitumia kwa ng'ombe na kwa wakamwana wake bila kuona tofauti. Tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, anaupindisha ukucha kidogo. Likikaa na kujivuta taratibu, maziwa ni mazito. Likikimbia, ni maji. Mimi alikwisha kunipima siku aliyofika, na nilifaulu. Sasa akataka kumpima jike.

Nani amewahi kumkamua nguruwe? Kwanza hakuna cha kukamua. Ukivuta chuchu hupati kitu mpaka awe anaguna ule mguno wa haraka, na mguno huo huja kwa ajili ya watoto, si kwa ajili yako. Tulingoja. Mama mkwe alipiga magoti nyuma yake, mimi nikasimama kichwani na gunia mikononi nimzibe macho akigeuka, mtoto wangu nimemwacha kwa jirani. Jike alilala. Watoto wakashika. Mguno ukaanza, polepole, kisha haraka, mama mkwe akamsukuma mtoto mmoja pembeni akakamua. Jike alihisi mkono. Aliinuka mzimamzima, watoto wakadondoka kama maembe, akageuka na kinywa wazi. Nilimtupia gunia usoni, nikamshika mama mkwe kwapani, nikamvuta juu ya ukuta wa banda. Gunia lile lilirudi vipande. Sisi wawili tulikuwa tumeanguka upande wa pili, kwenye majivu ya jiko, na mama mkwe ameinua kidole gumba juu kama mtu aliyeshika mshumaa. Tone hakulimwaga.

Akaupindisha ukucha. Tone likakimbia, likaanguka, na ukucha ukabaki mkavu.

"Maji," akasema.

Jioni hiyo alimwambia mwanawe mbele yangu: "Katika nyumba hii kuna wanaonyonyesha wawili, na mmoja ana watoto wengi kuliko mwenzake. Karanga nilizoleta tutagawana." Kisha akataja kitu cha pili anachopewa mzazi mwenye maziwa mepesi. Dagaa.

Mume wangu aliruka. "Mama, samaki amekatazwa!"

"Amekatazwa kwa sababu ya nyama. Huyu mama anachinjwa kesho?"

"Hachinjwi."

"Basi. Hatumpiki. Tunamtia maziwa."

"Bwana akisikia harufu ananirudisha chini siku hiyo hiyo."

"Na watoto wakifa?"

Mume wangu akasogeza kinu karibu na mama yake. Mimi moyoni nilikuwa nachemka, na sitaficha sababu. Zile zilikuwa karanga zangu. Nilikuwa mzazi, nilikuwa na njaa ya mzazi, ambayo si njaa ya kawaida, na nilitazama mkono wa mama mkwe ukigawa karanga kwenye vyungu viwili, na chungu cha nguruwe ni kikubwa. Nilimwambia angalau aniwekee mimi kwanza. Akaniwekea mimi kwanza, kisha akanijazia, akanilazimisha nimalize mbele yake. Sikuwahi kulala na njaa. Lakini nilikuwa na wivu kwa nguruwe, na sidhani kuna wanawake wengi wanaoweza kusema hivyo.

Dagaa waliuzwa kambini na bibi mmoja Mwislamu wa kutoka Ujiji, aliyewapata kwa wachuuzi waliotoka ziwani. Nilikuwa nikimpelekea mayai, naye ananipimia. Mara ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, dagaa wote hawa unakula peke yako?"

"Nanyonyesha, bibi."

Haukuwa uongo. Akaniongezea konzi mbili za mtoto, akaniombea dua. Nilitembea kurudi nyumbani nikimwomba Mungu yule bibi asije akajua konzi zake zilikwenda wapi. Nilimheshimu sana.

Siku ya kwanza mama mkwe alipika kama anavyompikia mwanamke, karanga nyingi zilizopondwa, dagaa waliotwangwa, mchicha wa porini, vyote kwenye pumba za mtama, mafuta yanaelea juu. Jike alilamba ndoo mpaka ikalia. Kesho yake watoto wote walikuwa wanahara. Banda zima lilikuwa linanuka, mikia imegandamana, na mmoja ambaye alikuwa mdogo tangu mwanzo alikuwa amelala kando hanyonyi. Mume wangu alifika kutoka zamuni akamwona, akakaa chini pale pale kwenye uchafu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa banda, mikono imekufa, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

"Nimewaua," akasema.

"Hujawaua," nikamwambia, na nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu sikuwa na hakika. "Umempa mama vingi kwa siku moja. Hata mimi nikila mafuta hivyo mtoto wangu anaharisha. Utampa robo, uongeze polepole."

Yule mdogo alikufa kabla ya jua kutua. Siku zilizofuata tulimpa jike pumba na konzi moja tu ya karanga, kisha konzi na nusu, kisha dagaa kidogo waliochemshwa, maji yao ya chumvi yakamwagwa. Kila asubuhi nilikwenda bandani nikiwa nimeshika kifua changu. Kila asubuhi nilitazama kwanza mikia, kisha mbavu. Mikia ikakauka. Mbavu zikabaki, halafu siku moja nikamwokota mmoja na vidole vyangu havikuuona ubavu mara moja, vikautafuta. Nilimrudisha chini upesi, nikaogopa kumwambia mtu yeyote.

Wakaanza kucheza. Mtoto mwenye njaa hachezi, hilo ni la nguruwe na la watu. Wakawa wananyonya na kulala palepale na maziwa mdomoni. Mama mkwe alitaka kumkamua jike tena ili apime. Nikamwambia akitaka aende na gunia lake peke yake.

Harufu ndiyo iliyotunyima usingizi. Dagaa akichemka hajifichi. Tulikuwa tukipika nyuma ya nyumba yetu, si jikoni kwa Bwana, na kuosha hori kwa majivu na ndimu. Hata hivyo nikimwinamia jike nilikuwa naisikia pumzi yake, na watoto nao, vinywani, walikuwa na harufu hiyo hiyo kwa mbali. Ilikuwa imepita kwa mama ikaingia kwenye maziwa. Nilimwambia mama mkwe. Akasema ndiyo dalili kwamba inafika.

Bwana alikuja bila taarifa, asubuhi yenye jua, karani nyuma yake. Hakupitia bandani. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu, kumtafuta mwenye ufunguo wa banda, na chungu cha jike kilikuwa mafigani kinatokota. Harufu ilikuwa imejaa uwanja mzima. Nilisimama na mtoto mkononi. Bwana alinusa. Alikitazama chungu, akasema neno kwa karani, na karani, ambaye alikuwa Msukuma mwenzetu na hakuwa mjinga, akauliza polepole sana, "Anauliza, hicho ni chakula cha nani?"

Mama mkwe aliamkia, akavuta kigoda, akachukua upawa, akachota ule uji wa nguruwe, pumba, mchicha, dagaa na vichwa vyao, akamimina kwenye bakuli lake mwenyewe. Akakaa. Akaanza kula. Alikula bila haraka, akipuliza, akitafuna zile pumba zisizotafunika, macho yake kwa Bwana. Alimaliza, akachota tena.

"Ni chakula chake," karani akasema.

Bwana alikunja pua, akasema jambo lililomfanya karani atabasamu kidogo, akachukua ufunguo akaondoka. Mama mkwe aliendelea kula mpaka walipopinda kwenye kona. Kisha akaweka bakuli chini, akaenda nyuma ya choo akatapika. Alikuwa mwanamke ambaye kwao hata kulitaja jina la mnyama yule mezani ilikuwa aibu. Nilimshikia kichwa. Aliponyanyuka alisema tu, "Mpelekee kilichobaki, kisipoe."

Siku ya kuwaachisha watoto ilifika. Bwana alikuja na mizani ya jikoni na watu wawili wa kushika. Mume wangu aliombewa ruhusa kwa nyapara, akanawa, akavaa shati lake la kanisani. Mimi na mama mkwe tulisimama kando ya ukuta. Wale watoto walikuwa wazito kiasi kwamba mshikaji mmoja aliangushwa na mmoja wao. Jike mwenyewe alikuwa na mgongo wa mviringo. Bwana aliwazunguka, akawapiga makofi matakoni, uso umekuwa mwekundu kwa furaha. Sikuwahi kumwona anacheka. Nilimshika mama mkwe mkono nikamminya, naye akanirudishia. Nikajisemea, ametoka. Mume wangu ametoka shimoni.

Ndipo Bwana akamgeukia akauliza. Karani akatafsiri: "Anataka kujua umewapa nini. Waliotangulia waliwapa pumba hizi hizi, na watoto walikufa."

Mume wangu alikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Angesema pumba, Bwana. Angesema Mungu. Nilimkazia macho aseme pumba. Alimtazama mama yake kwanza, kisha mimi.

"Sikuwapa mimi," akasema. "Ni mke wangu na mama yangu. Walimlisha jike karanga na dagaa, maziwa yakawa mazito."

Karani hakutafsiri upesi. Alimwangalia kama anayemwuliza, una hakika? Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Maneno yakaenda kwa Kiingereza, na nikalisikia lile la samaki likipita, kwa sababu Bwana aliinua kichwa. Nilijikaza kusubiri ghadhabu.

Bwana alicheka. Alicheka sana, akanyoosha kidole kwa mama mkwe, pengine amekumbuka lile bakuli. Kisha akanijia, akaniangalia mimi na mtoto wangu, akasema maneno ya furaha, marefu, na karani akaanza kutafsiri akaishia njiani. Ikabidi aanze tena.

"Anasema kazi ya nguruwe ni yako, mama. Utaandikwa kuanzia Jumatatu. Mumeo ni mtoboaji mzuri, na watoboaji hawatoshi."

"Mwambie alimwahidi mume wangu," nikasema.

Karani akamwambia. Bwana akajibu, bado anatabasamu.

"Anasema aliahidi kazi hiyo itakuwa na mtu wa kudumu. Na mtu mwenyewe amempata."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani ametupa zawadi. Hilo ndilo lililonikata maini kuliko kama angenitukana.

Nyumbani nilimgombeza mume wangu kwa sauti ambayo kambi nzima ilisikia. Nilimwambia arudi akaseme alidanganya. Nilimwambia neno moja lilikuwa linatosha, pumba, neno fupi kuliko jina lake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Bwana aliniuliza mbele ya mama, amesimama pale," akasema. "Mama amekula chakula cha nguruwe kwa ajili yangu. Ningesemaje kwamba ni mimi?"

Hilo lilinikasirisha zaidi. Nikasema sitaifanya hiyo kazi, wakatafute mwingine. Mama mkwe alikuwa amekaa nje, kizingitini, mgongo umetugeukia, anasikia kila neno.

"Ukikataa watauzwa," akasema bila kugeuka, "na yeye atashuka vilevile." Aliinuka akaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Jumatatu tulitoka pamoja, mume wangu na taa yake, mimi na ndoo yangu. Habari ilikuwa imekwisha kuenea. Mwanamke kuandikwa kazi na mgodi halikuwa jambo lililopata kuonekana pale, na wanawake wa kambi walikuwa wametoka milangoni. Walinipigia vigelegele njia nzima. "Hongera, mama! Hongera!" Mume wangu akanicheka uso wangu ulivyokunjamana, akaniambia niwaitikie, nisiwe na roho mbaya. Nikawaitikia. Tulipofika mahali njia inapogawanyika aliingia kwenye mstari wa watoboaji, akainama kupita mlango wa kibanda cha kushukia, nami nikabaki pale na ndoo, napongezwa.